Nyekundu Pahala pa Nyeupe

Shaame wa kiwanda cha barafu, hapo Mkoani, alikuwa Fundi kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha akageuzwa Mzee asubuhi moja tu, chai yake haijapoa. Aliyemgeuza ni Bi Ummkulthum, mwenye kiwanda, tena wala hakukusudia ubaya. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine akasema kwa bashasha, "Fundi, hebu mwoneshe Mzee Shaame pahala unapotaka kutoboa ukuta."

Shaame akageuka aone ni nani huyo anayeitwa. Alikuwa Hafidh.

Ee, Hafidh! Hafidh aliyekuja kwake hajui bisibisi ishikwe upande gani. Hafidh aliyekula naye sinia moja miaka mitano, akalala barazani kwake siku za kazi nyingi, akafunzwa kumenya waya bila ya kuijeruhi na kuiheshimu waya yenye umeme bila ya kuigusa. Halafu akaitwa na mjomba wake Unguja, akaondoka, akasoma chuoni, akafanya kazi na makampuni ya bara, na leo karudi na mkoba wa kompyuta begani, ndevu zimechongwa vizuri, anaitwa Fundi ndani ya chumba ambacho Shaame alikijua kwa sauti na kwa harufu. Mtu mwingine angefurahi. Shaame naye alitaka kufurahi, hata akajaribu kutabasamu, lakini furaha haikumjia.

Na tusimlaumu haraka. Hasidi hana sababu, wamesema wahenga, lakini Shaame alikuwa nayo, au alijiona anayo.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Lilikuwamo tangi pana la maji ya chumvi, na ndani yake yamezamishwa makopo marefu ya bati yenye maji matamu. Kompresa hunguruma, maji ya chumvi hupoa mpaka yakapita ubaridi wa barafu, na yale matamu makoponi yakaganda. Kazi yote hiyo Shaame aliiendesha kwa sikio na kiganja. Akisimama nje ya mlango alijua pampu ipi imechoka. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wakifika na matenga yao hawamuulizi mtu mwingine: "Fundi, barafu tayari?" Naye huingia ndani, hukaa kidogo hata kama hana la kumkalisha, kisha hutoka na jibu.

Mwaka uliotangulia Bi Ummkulthum alileta kidhibiti, kijisanduku cha kijivu kilichofungwa ndani ya kabati la umeme, chenye kuwasha na kuzima kila mashine kwa zamu yake bila ya mtu kubonyeza kitu. Wafanyakazi wakakiita Ubongo. Shaame hakugombana na Ubongo, kwa sababu Ubongo ulikuwa bubu. Ulikuwa na vitaa vidogo vya kukonyeza tu, na mwenye kuvielewa vile vitaa, kiwanda kizima, ni Shaame peke yake. Watu waliendelea kumuuliza, naye aliendelea kuingia na kutoka na majibu. Sasa Hafidh kaja na skrini ya kugusa, ya kutundikwa ukutani upande wa nje wanakopakia barafu, iunganishwe na Ubongo kwa waya, ili kila apitaye ajisomee mwenyewe kwa Kiswahili: joto la tangi, pampu inayokwenda, barafu imebakisha muda gani. Kwa maneno mengine, Hafidh kaja kuupa Ubongo mdomo, na mdomo wa Ubongo siku zote ulikuwa Shaame.

Bi Ummkulthum akatia chumvi kwenye kidonda. "Skrini ikishafanya kazi," alisema, "nataka ntu mmoja awe mkuu wa chumba hiki. Namba ya siri ya kuifungulia iwe kwake, na mwengine asiguse. Ntaangalia nani anaiweza. Atakayebaki atamsaidia Jaribu huko nje."

Jaribu ndiye mvunja barafu na mpakiaji wa matenga, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Shaame alijiona, na umri wake ule, anaburura magogo ya barafu mbele ya wavuvi wale wale waliozoea kumwita Fundi. Tangu siku hiyo usingizi ukampa kisogo.

Kazi ilianza, na Hafidh, kwa bahati mbaya, hakuwa na kiburi. Angekuwa nacho ingekuwa nafuu. Alimwita Shaame "fundi wangu" kila akifungua kinywa, akamuuliza hata maneno ya kuandika kwenye skrini. "Fundi wangu, hili tangi nyinyi mwaliitaje? Niandike tangi la chumvi, au bwawa?" Shaame alijibu, "Andika utakavyo." Kisha akaumia kwa kuwa hakujibu vizuri, na akaumia zaidi kwa kuwa aliulizwa.

Waya iliyotoka kwenye kabati haikutosha kufika ukuta wa nje. Ikabidi itiwe kisanduku cha kuungia juu ya mlango, na kisanduku hicho alikifunga Shaame kwa mkono wake, kasimama juu ya ngazi. Hafidh akamweleza kutoka chini: "Waya zenyewe mbili tu, fundi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Humo ndimo Ubongo na skrini wanamozungumza. Zikipishana, hawasikilizani tena."

"Kitaungua kitu?"

"Hakiungui kitu wala hakiharibiki kitu. Watanyamaziana tu."

Shaame hakuuliza kwa ubaya. Lakini jibu lile lilimwingia akilini likajitafutia pahala pa kukaa.

Mchana, aliporudi kuswali Adhuhuri, alimkuta Hafidh kakalia ndoo iliyofudikizwa, anakula mkate wa kumimina. Sahani aliijua. Ilikuwa ya maua ya buluu, ina pengo ukingoni, sahani ya kabatini kwa Mwatum mkewe, ambayo hata yeye mwenye nyumba huwekewa siku ya Idi tu. "Mama kaniletea," Hafidh alisema, mdomo umejaa. Alimwita Mwatum mama, kama zamani.

Jioni Shaame hakuweza kujizuia. "Sahani ile imetolewa kwa ajili gani?"

"Kwani hukumwona yuno ntoto alivyopendeza?" Mwatum alisema, anachambua mchele. "Kaongokewa, mashaallah. Na weye ndiye uliyemfunza, watu wote wasema."

Shaame aliisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Nusu ya pili ilimpita. Wapo watu husifiwa wakasikia wanatukanwa, na mtu akishafika hapo hakuna chakula cha mkewe kitakachomponya. Alilala kauelekea ukuta, akimhesabia Hafidh mikate aliyowahi kumlisha.

Siku ya pili yake, kwenye Alasiri, Hafidh aliwasha. Skrini ikatoa mwanga, ikafikiri kidogo, kisha tarakimu zikajipanga: joto la tangi, pampu ya kwanza, pampu ya pili, kompresa. Jaribu aliweka nyundo yake chini, akasogea, akasoma kwa sauti ya mtoto wa chuoni anayetaka mwalimu amsikie.

"Joto la tangi, nane chini ya sifuri! Barafu bado saa mbili!" Akawageukia wachuuzi waliokuwa wanangoja. "Mwasikia? Bado saa mbili. Nendeni mkanywe kahawa. Alaa, kumbe sasa hata mie fundi!"

Wakacheka wote, wakaenda kunywa kahawa. Hakuna hata mmoja aliyetia kichwa chumbani kumuuliza Shaame.

Utani ule ndio uliommaliza. Kama angeambiwa Hafidh anamzidi, pengine angevumilia, Hafidh kasoma. Lakini Jaribu! Jaribu ambaye taa ya chumbani kwake ikiungua huita mtu kuja kuibadilisha! Shaame alihisi wivu unampanda, wivu wa kila kitu: wa skrini inayong'aa, wa mkoba wa kompyuta, wa ndevu, wa sahani ya maua. Alitamani ile skrini ife. Hakutaka iharibike, maana hakuwa mtu wa kuharibu mali ya watu. Alitaka inyamaze tu.

Hafidh aliizima, akaenda kumpa Bi Ummkulthum habari njema ili aje kesho yake aone. Jaribu naye akaenda zake. Mwadhini wa Magharibi hajaanza, Shaame akachukua ngazi, akapanda, akafungua kifuniko cha kisanduku juu ya mlango. Akatoa nyekundu akaitia pahala pa nyeupe, na nyeupe pahala pa nyekundu, akakaza, akafunika. Mikono haikumtetemeka, na hilo lilimtisha baadaye alipokuwa anatia udhu.

Asubuhi Bi Ummkulthum alifika na wageni, wafanyabiashara wawili wa samaki aliotaka kuwaonesha kiwanda chake cha kisasa. Hafidh akawasha. Skrini ikang'aa, ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikaandika katikati kwa herufi kubwa: HAKUNA MAWASILIANO.

"Ndiyo nini hiyo?" Bi Ummkulthum aliuliza.

"Haijapatana na Ubongo, Bi. Nipe dakika moja."

Dakika ikazaa saa. Hafidh alizima akawasha, akafungua kompyuta yake, akaangalia anuani ya Ubongo, akaangalia anuani ya skrini na mwendo wa mazungumzo yao. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Jasho likamtoka ndani ya kiwanda cha barafu. Mashine zenyewe zilikuwa zinakwenda kama kawaida na barafu inaganda, lakini nani aliyekuja kuangalia barafu siku hiyo? Wageni wakatazamana, wakaaga kwa adabu.

Na Shaame? Tuseme kweli, alikuwa na raha. Ilikuwa ile raha ya kukuna kipele, ambayo mtu anajua itatoka damu na bado haachi.

"Fundi wangu," Hafidh alisema mwishowe, "hebu tuipime waya. Weye nenda kwenye skrini, mie n'takuwa kabatini. Nikisema nyekundu, iguse nyekundu kwenye chuma. Nikisema nyeupe, nyeupe."

Kipimo hicho, wanavyokifanya mafundi wengi, ni cha watu wawili: mmoja huku, mmoja kule, na ukuta katikati. Hawaonani. Kila mmoja ana sauti ya mwenzake tu, na hiyo ndiyo anayoiamini.

"Nyekundu, fundi?"

Shaame akaishika nyeupe, akaigusisha kwenye chuma. "Nyekundu!"

Mita ya kupimia waya ikalia huko kabatini, maana zilikuwa zimepishana juu ya mlango.

"Nyeupe?"

Akaishika nyekundu. "Nyeupe!"

Mita ikalia tena. "Haya, fundi wangu," sauti ya Hafidh ikaja kutoka upande wa pili, imechoka. "Waya haina neno. Basi kosa ni langu."

Angeweza kusema hapo hapo. Palikuwa na nafasi ya kutosha, ukuta ulikuwa unamficha uso, na neno lenyewe lilikuwa moja. Shaame akazirudisha waya kwenye skrini.

Bi Ummkulthum hakuwa mtu wa subira ndefu. "Nakupa mpaka Ijumaa," alimwambia Hafidh. "Isiposema, ntairudisha ilikotoka, na kazi ntampa mwengine." Kisha akamgeukia Shaame. "Weye waonaje, Mzee Shaame?"

Ulimi hauna mfupa. "Mie nione nini, Bi?" Shaame alisema. "Kazi za siku hizi sizijui. Ila zamani ntu hakushika kazi ya peke yake mpaka amvishe fundi wake kilemba, atake radhi. Seremala hivyo, mshoni hivyo, mhunzi hivyo. Yuno kaondoka hata kuniaga hakuniaga. Sasa mkono usio na radhi ya fundi, mashine itausikiliza vipi?"

Jaribu akajipiga paja. "Wallahi kasema kweli!" Na Bi Ummkulthum, ambaye marehemu babake alikuwa seremala, akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Hafidh alimtazama fundi wake, kisha akaifunga kompyuta yake.

Maneno hayo yalitoka kiwandani yakashuka mpaka bandarini kabla ya Alasiri. Kila mtu akakumbuka kisa cha aliyemdharau fundi wake: huyu alikatwa kidole siku ya kwanza ya kushika msumeno, yule alifungua duka la cherehani na hakupata hata suruali moja ya kupunguza. Shaame aliwasikia barazani, akaitikia kwa kichwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Siku mbili hizo alikuwa Fundi tena. Wavuvi walimuuliza kama zamani, naye akaingia, akakaa kidogo, akatoka na majibu. Ila kila alipopita chini ya ule mlango shingo ilimwasha.

Alhamisi jioni Hafidh akabisha hodi nyumbani. Alikaribishwa kiti akakataa, akakaa mkekani. Mwatum akaleta maji. Hafidh akayanywa yote, akaweka bilauri chini, akamtazama Shaame kitambo kirefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Fundi, ulilosema ni kweli. Niliondoka kwa haraka, sikukuaga, wala sikukuvisha kilemba. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nataka nikuvishe pale pale kiwandani, watu waone. Na nataka radhi yako. Ukishanipa, uitie skrini mkono weye mwenyewe."

Mwatum akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Shaame akasema, "Nshakusamehe, mwanangu."

Alipolala alipanga mambo yake vizuri. Angepanda ngazi kwa kisingizio cha kukaza viungo alivyovifunga mwenyewe. Mgongo wake ungeziba, watu wasione. Angezirudisha waya zilivyokuwa, angeshuka, angewasha, na kuanzia hapo angekuwa mtu ambaye radhi yake inaamsha mashine. Hakuna cheti cha chuo kinachoweza kushindana na hilo. Alicheka peke yake gizani, na Mwatum akadhani ni furaha ya kusamehe.

Ijumaa kiwanda kilijaa. Bi Ummkulthum alitandika mkeka mpya mbele ya tangi, ubani ukafukizwa, halua na kahawa vikawekwa tayari. Ikasomwa Fatiha. Hafidh, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, akakunjua kilemba cheupe chenye taraza ya hariri ukingoni, akamzungushia Shaame kichwani, mzunguko juu ya mzunguko, akauchomeka upindo, akaubusu mkono wake.

"Niwie radhi, fundi."

"Nimekuwia radhi," Shaame akasema.

"Amin!" wakaitikia wote.

"Haya, Fundi Shaame," Bi Ummkulthum akasema, na lile neno mbele ya jina lake lilikuwa tamu kuliko halua, "tia mkono wako."

"Nileteeni ngazi. Nataka kuanza na viungo vyangu."

Jaribu akaleta ngazi. Hafidh akaishika kwa mikono miwili isije ikateleza, akainamisha kichwa. Shaame akapanda na kilemba chake, akafungua kifuniko, akakishusha.

Nyekundu ilikuwa kwa nyekundu. Nyeupe ilikuwa kwa nyeupe.

Akazitazama tena, akidhani macho yanamcheza. Ncha zilikuwa zimekatwa upya, zimemenywa upya na kukazwa vizuri, na waya imeachiwa kipande cha ziada, kimekunjwa ndani ya kisanduku kwa adabu ili atakayekuja kuitengeneza siku nyingine asikose pa kushikia. Ndivyo Shaame alivyomfunza, na ule mkono angeutambua popote. Hafidh alikuwa kaipima waya peke yake, bila ya kutegemea sauti ya mtu. Kauona uwongo, kajua ni wa nani, kauondoa. Kisha kaizima skrini, kaenda kukaa mkekani kwa mtu aliyemdanganya, kamtaka radhi.

Chini watu walikuwa wanangoja. Shaame alitia bisibisi kwenye skrubu iliyokwisha kukazwa, akajifanya anaikaza. Jasho lilimtiririka chini ya kilemba. Alipotupa macho chini hakuona ila utosi wa Hafidh na mikono yake iliyoikamata ngazi. Hafidh hakuinua uso hata mara moja.

"Tayari, Fundi?" Jaribu aliuliza.

"Tayari," akajibu, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Akashuka, akabonyeza swichi ya skrini. Ikang'aa, ikafikiri, tarakimu zikajipanga moja moja. Vigelegele vikapaa mpaka mabatini. Jaribu akamkumbatia karibu amvunje mbavu. Mchuuzi mmoja mtu mzima akalia kabisa. Bi Ummkulthum hakungoja: pale pale akatangaza kwamba mkuu wa chumba cha mashine ni Fundi Shaame, akamwamrisha Hafidh ampe namba ya siri. Hafidh akamnong'oneza sikioni, akamrudia mara mbili ili asiisahau, kwa upole ule ule.

Basi Shaame alipata kila alichokitaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu aliingizwa kwa dua na halua, watu wakimpigia vigelegele.

Habari zikaenea kisiwani. Watu wakaanza kumletea vitu. Mama mmoja wa Gombani alikodi gari kumletea friji. Mzee mmoja alileta pampu ya maji, na Shaame alipotaka kuifungua akamshika mkono: "La, Fundi, usihangaike. Itie mkono tu. Weye moyo wako mweupe." Shaame aliifungua kwa nguvu, akatoa mchanga kiganja kizima, akamwonesha mchanga wenyewe, na bado yule mzee aliondoka akisema ni radhi. Kila alipousikia huo moyo mweupe alitamani ardhi ipasuke.

Na wivu, jee? Ungedhani umekwisha. Ulikuwa umehama nyumba tu. Mwanzo alimwonea Hafidh wivu kwa kazi, na wivu wa kazi una dawa, mtu hukaa akajifunza. Hata ile skrini aliielewa yote baada ya siku chache, haikuwa na maajabu. Sasa alimwonea wivu kwa kile alichokikuta juu ya ngazi. Kumkamata mtu na uwongo wake mkononi, ukaweza kumwaibisha mbele ya mji, nawe ukamvisha kilemba! Shaame alijipima kila akikaa peke yake, akajua yeye asingeliweza. Wivu huo ulimtafuna kuliko wa kwanza, kwa sababu hakuona chuo wanakolisomesha jambo hilo.

Siku Hafidh alipokuja kuchukua vifaa vyake aende kwenye kazi nyingine, Shaame aliufunga mlango wa chumba cha mashine wakabaki wawili.

"Umejua lini?"

"Nimejua nini, fundi?"

"Hafidh, usinifanyie vino. Nalikwambia nyekundu, nami nshashika nyeupe. Nitukane! Niambie neno lolote!"

Hafidh alikuwa anaizungusha waya iliyobaki kwenye kiwiko chake. Akaimaliza, akaifunga, akaitia mkobani.

"Waikumbuka mota ya Mzee Bakari? Ya mashine ya kusagia, kule Ole?"

Shaame alikunja uso. "Mota ipi?"

"Niliiunganisha mie, weye umekwenda kuswali. Nikaiunguza, banda zima likajaa moshi. Mzee Bakari kaja na bakora yake, auliza nani kafanya vino, nami nimejificha nyuma ya magunia ya muhogo. Ukamwambia ni weye. Akakutukana mbele ya watu, akakwita fundi wa kubahatisha, na kazi zake zote akampa mwengine. Ile mota ukaisuka upya kwa mkono wako. Hukunisema, wala hukuniuliza. Mpaka leo hujaniuliza."

"Sikumbuki," Shaame akasema.

"Mie nakumbuka." Hafidh akatia mkoba begani, akaubusu mkono wa fundi wake, akatoka.

Shaame akabaki amesimama mbele ya kabati, kompresa inanguruma. Alijaribu kulikumbuka lile banda. Likaja kidogo kidogo: harufu ya waya iliyoungua, vumbi la unga, miguu myembamba inatokeza nyuma ya magunia, na fundi mmoja kasimama mlangoni mbele ya Mzee Bakari, anajibu hata bila ya kufikiri, "Ni mie." Alimtazama mtu yule kwa muda mrefu. Akamwonea wivu kuliko alivyopata kumwonea mtu yeyote maishani mwake.